Mwanangu anaitwa mtumwa shuleni, mwalimu anasema sheria imemfunga mdomo

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Fort Worth, Texas. Nilizaliwa Fizi, Kongo, lakini nimekulia kambini Nyarugusu, Kigoma. Huku Marekani tulifika mwaka 2016. Kiingereza changu ni cha kazini tu. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala, na kule maongezi hayavuki mambo ya maboksi na saa ya kupumzika. Nakueleza haya ili uelewe yanayofuata.

Mwanangu wa kwanza, tumwite Elia, ana miaka 13, yuko darasa la nane. Mwaka huu wanasoma historia ya Marekani, na walipofika kwenye utumwa ndipo mambo yalipoanza. Mvulana mmoja alimgeukia katikati ya kipindi akamuuliza, "Babu yako aliuzwa bei gani?" Wenzake wakacheka. Kuanzia hapo jina likawa ni mtumwa: kwenye basi, kwenye foleni ya chakula, mpaka kwenye kundi lao la simu. Elia hakuniambia. Nilichoona mimi ni mtoto anayeshinda na kofia ya sweta kichwani hata ndani ya nyumba, na kila asubuhi tumbo linamuuma basi likikaribia. Mdogo wake wa kike ndiye aliyetoboa siri.

Nikaenda shule. Walitukalisha kwenye kachumba ka ofisini na mwalimu wake wa historia, mama wa Kizungu. Si mtu mbaya, hata alionekana na yeye hajalala. Mkalimani hakuwepo, kwa hiyo Elia mwenyewe ndiye aliyenitafsiria. Nikauliza, kwa nini hukuwakemea pale pale? Na kwa nini usiwaeleze watoto kwamba maneno hayo ni ubaguzi? Yule mama akaongea muda mrefu, mikono inatetemeka kidogo. Elia akanigeuzia kwa maneno machache: "Anasema sheria ya Texas inakataza kuongelea mambo ya rangi darasani. Anasema pole." Tukaondoka.

Nyumbani nako moto. Baba Elia anasema sheria hiyo ni nzuri na anaiunga mkono kwa mikono miwili. "Sisi tulikimbia nini? Si ukabila? Kule kwetu watu walipoanza kuulizana wewe wa nani, baba yako wa wapi, ndipo nyumba zilipoanza kuungua. Shule isiyotaja kabila wala rangi ndiyo ninayoitaka." Anasema Elia avumilie, asome, watachoka wenyewe. Halafu kuna fomu. Shuleni kuna klabu ya wanafunzi wa Kiafrika, Elia anataka kuingia, na mzazi lazima atie saini. Baba amekataa. Anasema leo ni klabu, kesho ni kundi, keshokutwa ni vita. Sasa baba na mwana hawasemeshani, na mimi niko katikati.

Mzee mmoja wa kanisani amenionya nisifike mbali, maana sisi ni wageni na maombi yangu ya uraia bado hayajajibiwa. Shoga yangu naye anasema nishtaki, nitapata hela. Nimechanganyikiwa. Je, ni kweli sheria inamkataza mwalimu kumtetea mwanangu? Na huyu mume wangu, ambaye simdharau kwa sababu najua alichokiona, nimwambie nini?

Mama Elia, Fort Worth

*

Marahaba, Mama Elia. Pole sana, mdogo wangu, na umpe Elia pole yangu.

Nianze na swali lako la kwanza, maana jibu lake ni fupi. Hapana. Hakuna sheria Texas inayomkataza mwalimu kumtetea mtoto anayeitwa mtumwa. Hayo ya kwenye basi na kwenye simu si somo hata kidogo, ni uonevu, na uonevu una sheria zake ambazo nitakueleza. Sheria ile nyingine inahusu nini kifundishwe. Hapo shuleni mambo mawili yamewekwa kwenye faili moja, na faili hilo likafungwa.

Nikueleze hiyo sheria yenyewe, kwa sababu nimefundisha kwenye shule za jimbo hili na nimeona inasimuliwa kwenye korido zaidi kuliko inavyosomwa. Mwaka 2021 Gavana Greg Abbott alitia saini HB 3979 (HB ni muswada uliotoka Baraza la Wawakilishi la jimbo, na SB ni uliotoka Seneti). Miezi michache baadaye bunge la jimbo likaifumua na kuiandika upya, ikaitwa SB 3, ikaanza kutumika Desemba 2 mwaka huohuo. Maneno yake mengi hayakuzaliwa Texas. Yalitoka kwenye amri ya Rais Trump ya Septemba 2020 iliyohusu mafunzo ya wafanyakazi wa serikali. Biden aliifuta amri hiyo siku aliyoapishwa, lakini orodha yake ya mambo yaliyokatazwa ilikuwa imeshapata miguu. Idaho ikaichukua Aprili 2021, wakafuata Oklahoma, Tennessee, Iowa, Texas na wengine, mpaka majimbo yakapita 15. Wazazi walioziunga mkono sheria hizo walisema watoto wao wa Kizungu wanarudi nyumbani wakijiona wana hatia kwa sababu ya rangi yao. Wapo waliosema hivyo kwa moyo, na wapo wanasiasa walioona kura.

Sasa SB 3 inasema nini? Inasema mwalimu hawezi kulazimishwa kujadili jambo la sasa linalobishaniwa sana katika siasa au jamii. Akiamua mwenyewe kulijadili, alijadili bila kuegemea upande wa kisiasa. Inakataza kuwafundisha watoto kwamba rangi moja ni bora kuliko nyingine kwa asili, au kwamba mtu abebe lawama za matendo ya wenzake wa rangi yake. Mpaka hapo mimi sina ugomvi. Kisha inakataza pia kufundisha kwamba kuja kwa utumwa ndiko kuanzishwa kwa kweli kwa taifa la Marekani, au kwamba utumwa na ubaguzi ni kitu kingine chochote isipokuwa kupotoka kutoka misingi ya taifa, yaani uhuru na usawa. Hiki sikipendi. Hili ni bunge kuwaandikia watoto hitimisho la insha kabla hawajafungua kitabu.

Lakini tafuta humo ndani mahali palipoandikwa "msifundishe utumwa" au "msitaje rangi". Hupati. Sheria yenyewe imesema haizuii kufundisha muhtasari wa masomo wa jimbo. Na muhtasari wa darasa la nane unautaja utumwa waziwazi. Zamani ulipanga sababu za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani hivi: migawanyiko ya kimaeneo, haki za majimbo, halafu utumwa ukaja mwishoni kama mgeni aliyechelewa. Novemba 2018 Bodi ya Elimu ya Jimbo, ambayo wengi wake ni Warepublican, ilibadilisha na kusema kuenea kwa utumwa ndiko kulikokuwa kiini. Kwa hiyo kuufundisha utumwa si ruhusa tu kwa mwalimu wa Elia, ni agizo. Na mtoto akimuuliza mwenzake babu yake aliuzwa bei gani, hilo nalo si "jambo la sasa linalobishaniwa". Hakuna upande wa pili wa kusikilizwa hapo.

Basi kwa nini yule mama anatetemeka mikono?

Kwa sababu anaishi karibu na Southlake na Colleyville, miji ya hapo hapo kwenu. Oktoba 2021, Southlake, kiongozi wa mitaala wa wilaya ya shule aliwaambia walimu kwenye mafunzo kwamba wakiweka darasani kitabu kuhusu mauaji ya Wayahudi ya Ujerumani ya Hitler, wahakikishe wana kingine chenye mtazamo tofauti. Mtu alikuwa anarekodi. Sauti ilipotoka, mkuu wa wilaya akaomba radhi, na Seneta Bryan Hughes, mwandishi wa SB 3, akasema sheria yake haidai kitu kama hicho. Colleyville kulikuwa na James Whitfield, mkuu wa kwanza Mweusi wa shule moja ya sekondari. Kiangazi cha 2021 alituhumiwa hadharani, kwenye kikao cha bodi, kuwa anaeneza nadharia za rangi. Kabla ya mwezi Septemba alikuwa amesimamishwa kazi, na mwishoni mwa mwaka wakakubaliana aondoke. Wilaya ilisema sababu zilikuwa nyingine. Labda. Ila walimu wa kaunti nzima waliangalia, na kila mmoja akajipigia hesabu zake.

Taasisi ya utafiti ya RAND iliwauliza walimu wa Marekani nzima, na mwaka 2024 ikatangaza kwamba asilimia 65 wameamua wenyewe kupunguza mazungumzo ya siasa na jamii darasani. Idadi hiyo ni kubwa kuliko ya walimu waliowekewa mipaka rasmi. Wengi wamejifunga mdomo bila mtu kuwafunga. Mimi naamini sheria iliyoandikwa kwa ukungu huwa imeandikwa ili ifanye kazi hiyo, lakini hayo ni maoni yangu, usiende kuyasema shuleni.

Halafu kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo nimelisoma mara mbili. Maneno ya mwalimu uliyasikia kupitia kwa Elia. Mtoto ndiye aliyeonewa, ndiye mwenye aibu, na ndiye aliyewekwa katikati ya watu wazima wawili atafsiri aibu yake mwenyewe. Yule mama aliongea muda mrefu, wewe ukapata sentensi mbili. Inawezekana alisema anaogopa. Inawezekana alisema hatalazimishwa, au kwamba atalipeleka kwa mwalimu mkuu. Hatujui, wala Elia si wa kulaumiwa, maana mtoto wa miaka 13 angetafuta njia fupi ya kutoka chumbani. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zina wajibu wa kuwasiliana na mzazi asiyejua Kiingereza kwa lugha anayoielewa, na kumletea mkalimani bila malipo. Mtoto si mkalimani, hata akiwa na akili kama ya Elia. Kiswahili si lugha ngeni kwa shule za Fort Worth, na pakikosekana mtu, kuna huduma za wakalimani kwa njia ya simu ambazo wilaya zinazitumia kila siku. Wasikuambie hakuna.

Kwa hiyo hatua yako ya kwanza ni kuandika. Usipige simu, usisimame mlangoni. Andika barua pepe kwa mwalimu mkuu, na nakala kwa mshauri wa wanafunzi. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili, wao watafute wa kuitafsiri. Mfano huu hapa, badilisha utakavyo:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la nane. Tangu tarehe fulani mwanangu amekuwa akiitwa mtumwa na wanafunzi wenzake darasani, kwenye basi na kwenye kundi la simu. Natoa taarifa rasmi ya uonevu kwa misingi ya rangi na asili yake. Naomba uchunguzi ufanyike na nijulishwe matokeo. Naomba kikao chenye mkalimani wa Kiswahili. Naomba pia kuonyeshwa nyenzo za somo la utumwa zilizotumika katika darasa hilo, na kama kuna sheria inayomzuia mwalimu kuwakanya wanafunzi hao, naomba nitajiwe kifungu chake kwa maandishi."

Hiyo sentensi ya mwisho iache kama ilivyo. Atakayeisoma itabidi aende kutafuta kifungu, na hatakipata. Ile ya nyenzo nayo ni haki yako: sheria ya elimu ya Texas inampa mzazi ruhusa ya kuona vifaa vyote vya kufundishia vya mtoto wake. Waliopigania haki hiyo kwa sauti kubwa zaidi miaka hii ni wazazi wa upande ule mwingine, walioziunga mkono sheria kama SB 3. Na wewe ni mzazi, itumie.

Neno "uonevu" ukishaliandika, saa inaanza kuhesabu. Texas ina sheria ya mwaka 2017 inayoitwa David's Law. Inaitaka kila wilaya iwe na utaratibu wa kuchunguza uonevu, ukiwemo ule wa kwenye simu hata kama ujumbe ulitumwa nje ya shule, ikiwa unavuruga masomo ya mtoto. Mzazi wa anayeonewa anatakiwa ajulishwe ndani ya siku tatu za kazi baada ya taarifa kutolewa. Muombe Elia, au huyo dada yake mtoboa siri, apige picha za lile kundi la simu kabla ujumbe haujafutwa. Tarehe zionekane.

Juu ya sheria za jimbo iko ya nchi nzima, Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, sehemu yake ya sita, wao wanaiita Title VI. Inakataza ubaguzi wa rangi na asili katika shule yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Shule ikijua kwamba mtoto anasumbuliwa kwa rangi yake na ikakaa kimya, inaweza kuwa imeivunja. SB 3 haiwezi kuigusa, maana sheria ya jimbo haipandi juu ya sheria ya taifa. Wilaya ikikupuuza, unaweza kulalamika kwenye Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu, bure, bila wakili, ndani ya siku 180 tangu tukio. Sitakudanganya kwamba mlango huo uko wazi kama zamani. Machi 2025 serikali ilipunguza watumishi wa ofisi hiyo karibu nusu na kufunga ofisi 7 kati ya 12 za kanda, ikiwemo ya Dallas iliyokuwa ikishughulikia Texas. Ndiyo maana nakusukuma upambane kwanza hapo hapo wilayani: mwalimu mkuu, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya, kisha bodi ya shule, ambayo kwa kawaida wajumbe wake wanachaguliwa kwa kura. Hizo siku 180 ziandike kwenye kalenda hata hivyo.

Mzee wa kanisani nampa heshima yake, lakini kwa hili amekutisha bure. Kulalamika kwamba mtoto anaonewa si kosa, halimo kwenye maswali ya fomu ya uraia, na sheria inakataza shule kulipiza kisasi kwa mzazi aliyelalamika. Kumbuka kesi iliyowapa watoto wasio na karatasi kabisa haki ya kusoma shule za umma, Plyler v. Doe ya mwaka 1982, ilitoka Texas hii hii, na Texas ilishindwa. Wewe umekuja kwa karatasi zote. Na yule shoga yako wa hela mwache aendelee na ndoto yake. SB 3 haimpi mzazi njia ya kumshtaki mwalimu, na kesi za Title VI ni ndefu, ngumu, na kwa kawaida wanaozishinda ni wale waliokuwa na barua nyingi kabla hawajamwona wakili.

Sasa shemeji yangu, Baba Elia.

Usibishane naye kana kwamba amekosea, kwa sababu kitu anachokiogopa kipo. Rwanda kabla ya 1994 walimu walikuwa wakiwaambia watoto darasani: Wahutu simameni, sasa Watutsi simameni. Kuna watoto waliojua kabila lao siku hiyo, kwa kusimamishwa mbele ya wenzao. Baada ya mauaji ya kimbari, nchi ile iliondoa kabila kwenye vitambulisho, na hata somo la historia ya Rwanda likasimamishwa shuleni kwa miaka. Mtu aliyetoka Fizi, aliyewaona majirani wakigeukiana, ana haki ya kuruka akisikia shule inapanga watoto kwa asili zao.

Lakini muulize: je, hicho ndicho kilichotokea kwenye darasa la Elia? Aliyemsimamisha Elia ni mtoto mwenzake, si mwalimu. Elia alitengwa wakati mwalimu amenyamaza. Ukimya anaousifu Baba Elia ndio uliomwacha kijana wake peke yake na lile swali la bei.

Mimi nimesoma Tanga. Sisi Watanzania sensa yetu haijauliza kabila tangu ile ya 1967, kwa hiyo naijua vizuri nchi anayoitamani mumeo, nimekulia humo. Hata hivyo tulifundishwa utumwa. Tulichorewa njia ya misafara ubaoni kwa chaki, kutoka Manyema kuvuka ziwa hadi Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo, na majahazi mpaka soko la Zanzibar lililofungwa 1873. Nyuma yangu alikaa mvulana wa Kiarabu ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa mtaani kwetu. Mwalimu hakumtazama wala hakumruka. Alisema wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walinunua, akasema machifu wa bara waliuza, akataja wapagazi wa Kinyamwezi, akataja Wazungu na Wamarekani waliotaka pembe na karafuu zilizobebwa na kuchumwa na mikono ya watumwa. Kila mtu alitajwa kwa alichofanya. Hakuna aliyeambiwa asimame. Mvulana mmoja alipojaribu kumtania yule wa nyuma yangu, mwalimu alimwuliza mbele yetu sote babu yake yeye alikuwa wapi mwaka ule, na kama anaweza kuthibitisha. Akakaa.

Mwalimu wa Texas anaweza kufanya yote hayo leo bila kuvunja mstari hata mmoja wa SB 3. Hicho ndicho cha kumwambia mumeo, na kwenye kikao umwambie mwalimu vilevile.

Na hiyo fomu ya klabu. Saini inadaiwa kwa sababu ya sheria nyingine, SB 12, iliyoanza Septemba 2025. Imepiga marufuku kazi za "utofauti, usawa na ujumuishi" kwenye shule za umma, na inataka mzazi aridhie kwa maandishi kabla mtoto hajajiunga na klabu yoyote. Klabu ilizozitaja kuzikataza ni zile za mielekeo ya kimapenzi na utambulisho wa kijinsia, ya wanafunzi wa Kiafrika haimo. Kwa hiyo fomu si mtego, ni utaratibu wa klabu zote, hata ya chesi. Usiitie saini kwa kificho. Najua unaweza, na najua sheria inaridhika na mzazi mmoja, lakini nyumba yenu haitaridhika. Mwambie Baba Elia aende siku moja akae nyuma aangalie wanachofanya. Kwa klabu nilizozifahamu mimi, atakuta Wanaijeria wanabishana na Waghana juu ya wali, na Mkongo mmoja amevaa vizuri kuliko wote. Akitoka humo bado anaona harufu ya vita, basi mzungumze tena, na Elia awepo.

Elia naye apewe kitu cha kushika mkononi. Hiyo njia ya Ujiji imepita jirani kabisa na kwenu, ng'ambo ya ziwa tu. Mtoto anayeijua ramani hiyo anaweza kumjibu mtu kuhusu bei za watu kwa ufahamu ambao mwulizaji hana. Simwambii ageuke mwalimu wa wanaomtukana, hilo si jukumu lake, na aliyeumizwa hapaswi kupewa kazi ya ziada. Ila akitaka kuandika mradi wake wa historia juu ya hilo, mwalimu hana sababu ya kisheria ya kumkatalia, na hapo ningependa sana ukaulize.

Barua pepe itume wiki hii, na mwende kikaoni wote wawili, wewe na Baba Elia. Elia abaki darasani. Mkikaa wiki mbili bila jibu, niandikie tena uniambie jina la wilaya yenu faraghani, nitakuelekeza fomu yao ya malalamiko ilipo na namna ya kuijaza.

Dada yako, Mwalimu